Tupeane uzoefu: uliipangaje app yako kabla ya kuanza kuijenga?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Vijana wengi wanauliza watumie zana gani ya kuandikia app, Flutter au Kotlin, wachache wanauliza nani ataishika hiyo simu na atakuwa wapi. Naomba tupeane uzoefu wa hatua ya kupanga. Naanza mimi.

Nimejenga app ya kumbukumbu za vikoba huku Mbagala. Kabla ya lolote niliomba ruhusa ya kukaa kwenye vikao vyao. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake. Katibu anaita namba, mwanachama anataja hisa anazonunua, pesa zinahesabiwa kwa sauti, wote wanasikia. Kule kusikia pamoja ndiko kunakowafanya waaminiane. App ambayo katibu angeitazama peke yake ingewanyang'anya hicho, hata kama hesabu zake ni sahihi. Basi nikapanga ukurasa wa kufunga kikao: katibu anasoma jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, na jumla inabaki juu ya skrini kwa maandishi makubwa ili aliyekaa jirani naye aione.

Wanachama wengi wana vitochi, simu ndogo za vitufe, kwa hiyo kila mmoja anapata meseji ya hesabu yake. Taarifa zinahifadhiwa kwenye simu ya katibu kwanza, kwa SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu), zinapanda kwenye seva bando likipatikana. Toleo la kwanza lilikuwa na hisa, mikopo na mfuko wa jamii, basi. Grafu na sehemu ya kuchati nilizikata zote.

Skrini nilizichora kwa penseli. Nikampa katibu karatasi, nikamwambia, "Mama, mwanachama amerudisha mkopo, utagusa wapi?" Kisha nikanyamaza nitazame kidole chake kinakwenda wapi. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho, na kinagharimu karatasi tu.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, hapo kwenye karatasi nakuunga mkono. Mimi nilipata kazi ya duka la nafaka. Mwenye duka alitaka app isome yenyewe meseji za miamala ya simu. Kabla ya kumtajia bei nikaipitia sera ya Google Play: tangu mabadiliko yaliyotangazwa Oktoba 2018, ruhusa ya kusoma SMS inatolewa kwa matumizi machache tu, na lazima ujaze fomu ya kujieleza. Nikampangia njia nyingine: mhudumu ananakili meseji, anaibandika, app inachambua kiasi na namba ya muamala. Someni sera kabla ya kuahidi, jamani.

Mchangiaji, Kisumu

Huku kwetu tulijenga app ya tiketi za mabasi, malipo kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha app na M-Pesa. Ombi linamfikia abiria, anaweka PIN, halafu majibu ya muamala yanakuja kwenye seva yako kivyake. Kwa hivyo tangu kwenye mchoro, kati ya "amelipa" na "hajalipa" weka hali ya "tunasubiri". Abiria asipoiona atabonyeza tena, na anaweza kulipa mara mbili. Sisi kitufe kinazimika, app inauliza hali ya muamala kwanza, ndipo inaruhusu ombi jipya. Hii sehemu ilituchukua muda mrefu kuliko skrini zote, na ilistahili. Ni pesa ya mtu.

Mchangiaji, Dodoma

Shukrani wakuu. Mimi mwanafunzi, naomba kujua gharama za kuiweka sokoni.

Mchangiaji, Arusha

Mdogo wangu, Google Play ni dola 25 mara moja, Apple ni dola 99 kila mwaka. Lakini upange na muda. Akaunti binafsi za Google Play zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima zipitie kwanza majaribio ya kundi la watu walioalikwa (closed testing). Walianza kwa kudai watu 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12, na wawemo siku 14 mfululizo. Sisi app yetu ni ya waongoza watalii, ya kutambua ndege hata porini pasipo mtandao, na wajaribu tuliwatafuta wakati bado tunachora. Pia chagua vizuri jina la kifurushi (package name, yaani kitambulisho cha app yako sokoni): ukishachapisha halibadiliki.

Mwanzisha mada

Nyongeza moja kwa wa Tanzania: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Ukikusanya majina na namba za watu, inakuhusu. Mimi ilinifanya nifute sehemu ya namba ya kitambulisho, maana kikoba hakikuwa na kazi nayo.

Mwanafunzi wa Dodoma, app yako inahusu nini, na nani ataishika? Weka mchoro hapa tuuangalie.