HBO, Star Channel, ON TV au Z Channel: nani alikuwa na njia bora ya kufikisha filamu sebuleni?

KamandaKebo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Ikizungumzwa historia ya televisheni ya filamu za kulipia kule Marekani, HBO hutajwa kana kwamba ilikuwa peke yake uwanjani. Haikuwa. Miaka ya 1970 palikuwa na njia kadhaa za kumfikishia mteja filamu nzima, isiyokatwa na matangazo, kwa ada ya mwezi. Naziweka mezani tuzilinganishe kwa ufundi na biashara:

- HBO: mikrowevu kwanza (mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara), setilaiti baadaye, kisha kebo ya mji hadi nyumbani.
- Star Channel ya Warner (1973): kanda za video zinachezwa kwenye chumba cha mitambo cha kila kampuni ya kebo.
- ON TV: chaneli ya kawaida ya UHF (masafa ya televisheni yanayopokelewa kwa antena), picha imevurugwa, mteja anapewa king'amuzi.
- Z Channel (1974): kebo ya eneo moja tu, Los Angeles.

Swali langu: ukisahau tunachokijua leo, mwaka 1974 ungeweka pesa zako wapi, na kwa nini?

FundiMnara

Mkuu, mwaka 1974 mhasibu makini asingeigusa HBO. Ilianza tarehe 8 Novemba 1972 huko Wilkes-Barre, Pennsylvania, ikiwa na wateja 365. Picha ilitoka New York kwa mikrowevu, na hapo ndipo shida yote ilipo.

Mikrowevu inahitaji minara inayoonana. Kila kilomita 40 hadi 50 unasimika mnara mwingine: dishi la kupokea, kipokezi, kirushi, dishi la kurusha, umeme, na barabara ya fundi kufika mlimani. Kila kituo kinaongeza kelele yake kwenye ishara. Vituo 10 vinavyofanana vinakupa kelele mara 10 ya kituo kimoja, yaani desibeli 10 (kipimo cha nguvu ya ishara) zimepotea, na mji wa mwisho kwenye mstari unalipa ada ileile kwa picha yenye chenga.

Adui mwingine ni upepo. Mwale wa mikrowevu ni mwembamba sana, dishi likigeuka nyuzi moja au mbili ishara imekwisha. Siku ya uzinduzi upepo uliiangusha antena ya kupokea Wilkes-Barre, ikabidi isimikwe upya saa chache kabla ya kwenda hewani.

Kwa kifupi, gharama ilikua kwa kila kilomita. Kwa njia hiyo huwezi kufika California ukabaki na faida.

Kaseti34

Naitetea Star Channel, maana watu huidharau bila kuielewa. Kanda haijali umbali. Mji ulioko kilomita 3,000 unapata filamu kwa posta sawa na ulioko jirani. Mtambo ukigoma unazimika mji mmoja, si nchi nzima. Na kila mji unajipangia saa zake, jambo kubwa kwa nchi yenye majira manne ya saa bara.

Ila lazima tuseme ukweli kuhusu kanda zenyewe. Mashine za kaseti zilizopatikana wakati huo ni za U-matic, kanda ya inchi 3/4, zilizoingia sokoni mwaka 1971. Kaseti kubwa ilibeba dakika 60. Filamu ya saa mbili ni kaseti mbili na mashine mbili, na pa kuunganishia unahitaji mtu macho au kifaa cha kubadilisha chenyewe. Ikikosewa sekunde chache, mtazamaji anaona skrini nyeusi katikati ya mazungumzo.

Halafu uchakavu. Vichwa vya mashine vinajaa unga wa kanda, picha inatoka michirizi. Kanda ikinyooka kwa joto au kuchezwa mara nyingi, mistari ya juu ya picha inapinda upande mmoja. Nakala ya nakala inapoteza rangi na ukali.

Piga hesabu: miji 20, filamu 12 kwa mwezi, kaseti 2 kila filamu. Ni kaseti 480 zinazozunguka barabarani, na kila iliyochelewa ni pengo kwenye ratiba iliyokwisha chapishwa. Star Channel ilihamia setilaiti mwaka 1979, na Desemba mwaka huohuo ikawa The Movie Channel, filamu tupu saa 24. Walipopata njia nyingine hawakurudi nyuma.

DishiMita9

FundiMnara yuko sahihi kuhusu 1974. Mwaka uliofuata kila kitu kiligeuka, na aliyegeuza ni Gerald Levin, aliyekuwa akiiongoza HBO chini ya kampuni ya Time.

Tarehe 30 Septemba 1975 HBO ilirusha pambano la Ali na Frazier kutoka Manila kupitia setilaiti hadi kwenye kebo za Fort Pierce na Vero Beach, Florida, na Jackson, Mississippi. Ilitumia setilaiti ya Westar 1. Satcom 1 ya RCA iliporushwa Desemba 1975, HBO ikahamia huko.

Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukishalipia transponda (kifaa ndani ya setilaiti kinachopokea ishara na kuirusha tena chini), mji wa pili, wa mia na wa elfu hauongezi senti kwenye gharama ya kurusha. Kila mji unanunua dishi lake wenyewe. Hicho ndicho mikrowevu isingeweza kutoa kamwe.

Kikwazo kilikuwa dishi. Transponda ya Satcom 1 ilikuwa na nguvu ya wati 5 tu, na nguvu hiyo imetawanywa bara zima. Mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilidai dishi lisilopungua mita 9, na kituo kizima cha kupokea kiligharimu karibu dola 100,000. Kampuni ya kebo yenye wateja 2,000 hailimudu. Desemba 1976 FCC ikakubali mita 4.5.

Msidhani ni punguzo dogo. Ukigawa kipenyo kwa mbili, eneo linabaki robo, unapoteza desibeli 6. Na picha ya setilaiti za wakati ule ilibebwa kwa FM, yenye kizingiti: juu yake picha ni safi, ukishuka chini yake chenga nyeupe na nyeusi zinalipuka ghafla. Waliofunga mita 4.5 walilazimika kufidia kwa kikuza ishara chenye kelele ndogo, kinachofungwa palepale kwenye kitovu cha dishi. Ukikiweka chini baada ya waya mrefu umekwisha umia, maana kelele ya waya inaingia kabla ya kukuza.

Makosa mengine ya kawaida kwa fundi wa kebo:

Kwanza, mkao wa pembe-mlisho, yaani kifaa kilicho mbele ya dishi kinachokusanya mawimbi. Satcom ilibeba transponda 24 kwa kurusha nusu kwa mawimbi yaliyolala na nusu kwa yaliyosimama. Ukizungusha mlisho nyuzi chache pembeni, kivuli cha chaneli jirani kinapita juu ya filamu yako. Dawa ni kuangalia chaneli jirani kwenye kipimo na kuzungusha mpaka ishara yake ishuke chini kabisa, badala ya kutafuta yako ipande juu.

Pili, jua. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua linapita nyuma ya setilaiti kwa dakika chache kila siku, siku kadhaa mfululizo. Picha inazama kwenye kelele. Hakuna cha kurekebisha, mteja anatangaziwa mapema tu. Waliokuwa wanapanda juu kuhangaika na dishi saa hiyo waliliharibu bure.

UHF_52

Mnazungumzia kebo kama vile kila mtu alikuwa nayo. Miji mikubwa haikuwa nayo! Kuchimba mitaa na kuomba kibali cha manispaa kulichukua miaka. ON TV ilianza Los Angeles Aprili 1977 kwenye chaneli 52. Mnara mmoja mlimani, na mamilioni ya nyumba tayari zimefikiwa. Fundi anakuja na king'amuzi, anachunguza antena ya nje, anaondoka, na jioni hiyohiyo mteja anatazama filamu.

Picha ya Marekani ina mistari 525, na kila mstari unaanza na pigo linaloiambia televisheni "anzia hapa", mara 15,734 kwa sekunde. Oak, watengenezaji wa mfumo huo, waliongeza wimbi juu ya picha ili pigo lisionekane. Televisheni isiyo na king'amuzi inapoteza pa kuanzia, picha inateleza na kuraruka. Sauti ya filamu ilifichwa kwenye wimbi la pembeni. King'amuzi kinatengeneza wimbi kinyume na kulifuta.

Udhaifu ni huohuo: wimbi likishajulikana, fundi redio yeyote analifuta. Hakukuwa na ufunguo wa siri wa kubadilisha kila mwezi. Ving'amuzi vya kuchakachua vikaenea, na kampuni haikuwa na waya wa kwenda kuukata.

Kaseti34

UHF_52, ndugu yangu, uchakachuaji haukuiua ON TV peke yake. Tatizo ni chaneli moja. Jioni ya Jumamosi una filamu moja, basi. Kebo ilipofika mtaani ilileta HBO, Showtime na The Movie Channel kwa waya mmoja, pamoja na picha safi za chaneli za bure. ON TV ingehitaji kituo kingine cha UHF kwa kila chaneli ya nyongeza, na masafa hayo hayakuwepo. Hadi 1985 ilikuwa imekwisha.

UHF_52

Nakubali hilo la chaneli moja. Ila HBO nayo ilichakachuliwa vibaya. Kuanzia Oktoba 1979 dishi la kupokea tu halikuhitaji leseni ya FCC, watu wakasimika madishi uani na kutazama bure. HBO ilifunga ishara yake moja kwa moja Januari 1986 kwa mfumo wa kufunga ishara uitwao VideoCipher II, ada dola 12.95 kwa mwezi kwa wenye madishi. Humo sauti ilifungwa kwa msimbo wa kweli wa siri, DES, lakini picha ilivurugwa kwa njia nyepesi. Wachakachuaji hawakuuvunja msimbo, walinakili utambulisho wa king'amuzi kilicholipiwa na kuuweka kwenye vingine vingi. Mlango uliovunjwa ni wa usajili.

MsomaKatalogi

Z Channel imesahauliwa. Kuanzia 1980 aliyeipangia filamu ni Jerry Harvey, na hakuna huduma nyingine kwenye orodha hii iliyopanga filamu kwa akili ile: za Ulaya, za kimya, zilizoanguka kwenye majumba ya sinema, na matoleo kamili. Desemba 1982 ilionyesha toleo refu la Heaven's Gate ambalo studio ililiondoa sokoni. Kwa eneo lililojaa watu wa sinema, hiyo ni thamani kubwa.

Lakini kebo moja, jiji moja. Haki za filamu unazilipia kwa wateja wachache, na ukipandishiwa bei huna mji mwingine wa kugawana mzigo. Mwaka 1988 filamu zikachanganywa na michezo, na Juni 1989 ikafungwa. Kama kigezo ni ubora wa uteuzi, kura yangu haihami.

HakiNaMikataba

Wakuu, mmesahau kwamba dishi halina faida kama huruhusiwi kuonyesha filamu. Kanuni za FCC zilizuia kebo ya kulipia kuonyesha filamu nyingi zilizopita umri wa miaka michache lakini hazijafikisha 10, ili kulinda televisheni ya bure. Machi 1977 mahakama ya rufaa ya Washington ilizifuta, kwenye kesi ya HBO dhidi ya FCC. Wekeni tarehe mbili pamoja: dishi la mita 4.5 Desemba 1976, hukumu Machi 1977. Miezi mitatu. Showtime, iliyoanza California Julai 1976, iliingia setilaiti mwaka 1978 kupitia mlango huohuo.

Kisha studio zikashtuka. Mwaka 1980 Columbia, Universal, Paramount na Fox ziliungana na Getty Oil kuanzisha Premiere, chaneli ambayo ingeshikilia filamu zao kwa miezi 9 kabla ya HBO kuzigusa. Mwisho wa Desemba 1980 mahakama ikaizuia kwa sheria ya ushindani, siku chache kabla ya kuanza. Ingepita, wateja wote wa setilaiti wasingeiokoa HBO. Ndiyo maana baadaye HBO iliingia ubia na Columbia na CBS kuunda TriStar: ilitaka filamu zisizoweza kunyimwa.

KamandaKebo

Nimeelewa. Basi kwa 1974 naweka kanda, na kwa 1977 nahamia dishi. Swali la mwisho: ada ya mwezi ilikuwa wazo la HBO?

DishiMita9

Hapana. Bartlesville, Oklahoma, Septemba 1957: filamu mpya kwa kebo, dola 9.50 kwa mwezi, bila kipimo wala kisanduku cha sarafu nyumbani. Kabla yake, majaribio ya Palm Springs mwaka 1953 yalitumia kisanduku cha sarafu kwa kila filamu, na kisanduku ni kifaa cha kununua, kufunga, kufungua na kutengeneza. Bartlesville ilikiondoa kabisa. Ilifungwa Juni 1958. Mitambo ilifanya kazi vizuri, ila mji mmoja ulibeba gharama zote za filamu peke yake, ugonjwa uleule wa Z Channel.