MREJESHO: Kompyuta za dukani Ujiji kukosa mtandao zote kwa mpigo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kompyuta zangu 6 hapa Ujiji zimekosa mtandao zote kwa pamoja, wakati kila moja ina waya wake hadi kwenye swichi ya katikati (kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta zote), ule mtindo wa nyota. Wengi mlisema waya umekatika. Lakini waya mmoja ukifa kwenye nyota, huangusha kompyuta moja tu. Aliyeniambia "zikifa zote, tazama katikati" nampa soda yake.

Kumbe kijana wangu akifagia aliona ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyohiyo! Swichi yangu ni ya bei rahisi, haina akili ya kugundua kitanzi, basi data zikawa zinazunguka na kuzidi kuongezeka hadi njia zikajaa. Taa zote zilikuwa zinapepesa kama disko, nami nikadhani ni dalili ya uzima.

Nimeuchomoa, mambo shwari. Matundu yaliyobaki nimeyaziba kwa selotepu. Swichi ya akiba nitanunua mwisho wa mwezi, maana hii ikiungua duka zima linalala.