Mbona picha yangu ya sufuria haitulii? Swali kuhusu rangi ya mafuta na mwanga wa ndani

Mkaazi wa Umoja

Wanajukwaa, salamu. Ninaishi katika chumba kimoja mtaani Umoja, Nairobi, ghorofa ya juu kabisa, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikichora kwa rangi ya mafuta vitu vilivyomo humo ndani: sufuria, kikombe cha bati kilichobanduka ukingoni, kiti cha mbao na pazia. Nilisoma kwamba mchoraji atafute dirisha la kaskazini kwa sababu mwanga wake haubadiliki, nami nikafurahi kwa kuwa dirisha langu linaelekea huko huko. Lakini wiki hii, kila mawingu yanapopasuka mnamo saa sita mchana, jua linaiangukia meza yangu moja kwa moja, kivuli cha sufuria kinahama, na kazi ya asubuhi nzima inapotea.

La pili linaniuma zaidi. Chumba chenyewe kimetulia, ila picha inapiga kelele. Sufuria inang'aa, ukuta unang'aa, kikombe kinang'aa, na jicho halina pa kutua. Nilipoongeza nyeusi kwenye vivuli, vikawa kama masizi. Tena kwa baridi hii ya Julai rangi inakaa zaidi ya wiki bila kukauka, na mahali pengine imefifia na kuwa butu. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu, kanuni uliyosoma si ya uongo, ila ni ya kwao. Huko Ulaya jua la adhuhuri daima liko upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu. Nairobi iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi moja na kidogo, na kwetu jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Mwezi wa Desemba dirisha lako litakutii kama kitabu kinavyosema. Kwa sasa, kwa kuwa jua la saa sita linapita juu sana, halifiki ndani zaidi ya meta moja hivi, basi sogeza meza nyuma kidogo au utundike shuka jeupe dirishani. Mimi huwa na turubai mbili za kuchorea, moja ya saa tatu hadi saa tano na nyingine ya alasiri, wala sizichanganyi. Na mawingu ya Juni hadi Agosti, ambayo wengi huyalalamikia, kwa mchoraji wa mambo ya ndani ni neema, maana mwanga hukaa vile vile kwa saa nyingi.

Kuhusu kelele, nadhani kosa liko kwenye weupe. Chukua karatasi nyeupe kabisa, uisimamishe dirishani ambapo mwanga unaiangukia, kisha utazame ukuta wako ulio nyuma yake. Utaona kwamba ukuta uliouita mweupe ni wa kijivu, na pengine una umanjano wa jengo la jirani. Rangi nyeupe ya kwenye tyubu ndiyo kikomo chako. Ukiimaliza ukutani, hutabaki na kitu cha kuwekea ule mng'ao mmoja kwenye ukingo wa sufuria. Ubanie weupe kama mtu anavyobania mshahara tarehe ishirini. Finya macho hadi uone nusu nusu, uhesabu sehemu zinazong'aa kweli: mara nyingi ni moja, ikizidi mbili.

Na usitafute rangi ya fedha. Sufuria ya alumini haina rangi yake, inakopa kwa majirani: upande wa dirisha inachukua kijivu cha anga, upande wa chini inachukua wekundu wa kitambaa cha meza. Kijivu kipate kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na amba iliyochomwa, yaani ile kahawia ya udongo, uiache nyeusi ya tyubu ipumzike.

Fundi wa Fremu

Mwalimu amesema ya jicho, nami niseme ya kitambaa. Ule ubutu unatokana na kitambaa kunywa mafuta. Kama unachorea amerikani, ambayo ni kitambaa kizuri na cha bei nafuu, ifue kwanza ili wanga utoke, uiwambe ikishakauka, kisha upake rangi nyeupe ya akriliki ya wachoraji mara mbili au tatu, kwa sababu mafuta yakigusa uzi wenyewe yatauozesha. Usikionee haya kitambaa cha kwetu: Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, na kazi zake zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni hewani na kugeuka kuwa magumu, na baridi huchelewesha jambo hilo. Tabaka la kwanza lipake jembamba, lenye amba, kwa kuwa manganizi iliyomo huharakisha ukaukaji. Mafuta zaidi yaje katika tabaka za juu, wala si kinyume, la sivyo rangi itapasuka. Usiifiche picha mbichi nyuma ya kabati, kwani gizani mafuta hugeuka manjano.

La mwisho, na hili si la mzaha kwa mtu anayelala na kupika chumba kimoja: matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe hadi yakashika moto. Yaanike nje yakiwa yametandazwa. Brashi zioshe kwa mafuta ya kupikia na kisha kwa sabuni ya mche hadi zitakate, ili usilale ukivuta tapentaini.

Binti Kariokor

Kaka, nakubaliana na wakubwa, ila naogopa usije ukadhani utulivu ni chumba kitupu. Vilhelm Hammershøi alipochora nyumba yake ya Copenhagen, kuta za kijivu na milango iliyo wazi, alikuwa na vyumba vya kuacha wazi. Sisi tuna vitambaa kwenye kochi, kalenda ya duka na mitungi ya manjano ya lita 20, kwa sababu maji hayaji kila siku. Chardin wa Paris alilichora pipa la shaba la kuhifadhia maji jikoni bila kuona aibu. Nawe uchore mtungi. Manjano yake yakiwa kivulini ni karibu kahawia, na hapo ndipo utajua kama umeelewa alichosema Mwalimu. Morandi wa Italia naye alichora chupa zile zile kwa miaka mingi katika chumba alichokuwa akilala, kwa hiyo udogo wa chumba usiwe kisingizio.

Mkaazi wa Umoja

Ahsanteni nyote. Nimejaribu karatasi leo saa nne, nikashtuka: ukuta wangu ni rangi ya uji. Nimeukwangua wote pichani kwa kisu na nitaanza upya kesho. Shida iliyobaki ni kwamba sufuria ninayo moja, na jioni lazima nipikie. Nimeizungushia chaki mezani ili niirudishe pale pale.

Mwalimu Mstaafu

Chaki imetosha. Ila uweke alama pia mahali mkono wa sufuria unapoelekea, na usiisugue kwa waya hadi picha iishe, maana sufuria iliyosuguliwa ni sufuria nyingine.