Mrejesho: Darasa la densi ya tumbo nimelipata

Mwezi uliopita niliwauliza nichague shule ipi hapa London: ya jirani yenye ukumbi wa vioo, au ya mbali inayofundishia kwenye ukumbi wa kanisa. Asanteni mlioniambia nijaribu somo moja moja kabla ya kulipia muhula.

Ya vioo ilinishinda. Dakika ya 10 tu tushaanza kutetemesha nyonga mbiombio, magoti yamekakamaa. Mgongo uliniuma siku mbili. Nikauliza ni mtindo gani, nikajibiwa "wa Kiarabu", basi.

Ya pili, mwalimu alianzia magotini: yalegee kidogo, makalio yasibinuke nyuma. Kisha akashika darbuka (ngoma ndogo ya mkono) tutofautishe midundo miwili: maksumu (dum-tak, tak-dum, tak) na baladi (dum-dum, tak-dum, tak). Tuliimba kwa midomo kwanza, nyonga baadaye. Anafundisha mtindo wa Kimisri na hafichi kwamba mingine si fani yake.

Kilichonichekesha: mimi niliyekulia Mombasa na chakacha za harusini, kiuno hakikunisumbua. Mikono sasa! Kama miko ya kusongea ugali.

Nauli inauma, ila nimeshalipia wiki 10. Mkanda wa sarafu sijanunua, najifunga leso yangu.