Kota za serikali zikichakaa, nani anatakiwa kuzitengeneza?

Mpangaji_Ghorofa3
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu maana sisi huku tumechoka. Tunakaa kwenye maghorofa ya taasisi moja ya umma hapa Dar, sitaitaja, ni nyumba za zamani, wengine tumezaliwa humu humu. Saivi zege la dari linabanduka mpaka nondo unaziona zina kutu, chemba ikifurika inafurika wiki nzima na watoto wanaruka maji machafu asubuhi wakienda shule. Tukiandika barua tunajibiwa bajeti hakuna na kodi yenu ni ndogo. Sawa ni ndogo, ila tunalipa kila mwezi kwa kontroo namba, sasa kama hata bomba la maji taka halibadilishwi hiyo hela inafanya nini? Kisheria jukumu ni la nani, na ikifika hatua ya kubomoa sisi tunaenda wapi?

Wakili_wa_Mtaani
Mkuu pole. Soma Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88. Mwenye nyumba akipangisha sehemu tu ya jengo, yeye ndio anatakiwa kuliweka sawa paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu mnazotumia wote kama ngazi na korido. Hilo lipo hata kama mkataba wenu haujaliandika, labda kama mkataba unasema vingine kwa hiyo usomeni kwanza. Mambo ya ndani, kitasa, bomba la jikoni, hayo kweli ni yenu. Kodi ndogo sio sababu, aliyepanga hiyo kodi ni yeye mwenyewe.

Tabata_Mzalendo
Ngoja nami niseme ukweli hata kama utauma. Kwenye hizi nyumba kuna watu wana madeni ya miaka, kuna waliopewa kwa kodi ya kutupa wakazipangisha kwa bei ya soko wao wanakaa kwingine, halafu shirika likija kudai linaonekana baya. Matengenezo yatatoka wapi? Wapangaji nao wajisafishe.

FundiZege
Tabata hayo ya madeni yapo sikatai, ila nondo haijui nani kalipa nani hajalipa. Wacha nieleze kifundi kidogo. Nondo ikipata unyevu inashika kutu, kutu inavimba, ikivimba inalisukuma zege linapasuka, likipasuka maji yanaingia zaidi, na huku kwetu karibu na bahari chumvi inaharakisha. Paa linalovuja ukiliwahi ni kazi ndogo tu, ukiliacha miaka inakuwa kazi ya kushikilia jengo zima lisianguke. Kinachoniuma ni kuona jengo linapigwa rangi mpya kabla kiongozi hajapita wakati nyufa zimezibwa na plasta tu. Mleta mada, msiombe rangi, ombeni mhandisi akague na ripoti mpewe nakala.

Eastlando_254
Hata huku Nairobi ni hivyo hivyo. Nyumba za umma za mtaa wa Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940, bado watu wanaishi humo. Tangu 2023 tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ya nyumba za bei nafuu na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, nyumba mpya zinajengwa, sawa, lakini hakuna mtu anasema nani atazirekebisha zikizeeka. Bila pesa ya ripea kutengwa tangu siku ya kwanza, hizo mpya zitakuwa kama za zamani na watoto wetu ndio watakuwa wanauliza hili swali.

Mama_Kota
Kuhusu kubomoa, angalia Magomeni Kota hapa hapa Dar. Kaya 644 zilitolewa nyumba zikabomolewa, eneo likabaki wazi miaka na miaka watu wakihangaika kupanga huku na kule. Mpaka Hayati Magufuli alipokwenda 2016 akaagiza wajengewe na wakae miaka mitano bila kodi, TBA (Wakala wa Majengo wa serikali) wakajenga, Rais Samia akazindua Machi 2022. Maghorofa ni mazuri na nashukuru kwa kweli, ila wapo wazee waliotoka pale na hawakurudi kwa sababu walishafariki. Kwa hiyo mkiambiwa mtoke, msitoke kwa ahadi ya mdomo. Majina yaandikwe kaya kwa kaya, tarehe ya kuanza kujenga iwepo, na nani analipa pango lenu kipindi cha kusubiri. Hayo yote kabla tingatinga halijaja.

Mpangaji_Ghorofa3
Asanteni sana wakuu, Mama Kota umenigusa. Tabata, sisi kwenye bloku letu tutaanza kwa kukusanya risiti za kila aliyelipa ili hoja ya madeni isitumike kwa wote, na barua ya mara hii itataja hicho kifungu na kuomba mhandisi, nakala kwa diwani na mbunge. Wakili, wakikaa kimya tena tunaanzia wapi, baraza la ardhi la wilaya au?

Wakili_wa_Mtaani
Usikimbilie huko bado. Mwenye nyumba akiwa taasisi ya umma kuna taratibu zake za kumpa notisi kabla ya kumshtaki, mkizikosea kesi inatupwa. Nicheki inboksi na nakala ya mkataba, jina futa.