Naomba ushauri: Switch na Steam Deck zinagombania mteja mmoja kweli?

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nimekwama. Nina kibanda cha gemu Mwanza, vijana wanalipia kucheza PS, sasa nataka nianze kuuza na zile konsoli za kushika mkononi ila mtaji unatosha vipande vinne tu.

Switch 2 ya Nintendo imetoka Juni 2025, na ukitaka gemu mpya za Mario au Zelda hamna njia halali zaidi ya Nintendo. Steam Deck ya 2022 yenyewe ni kompyuta kabisa, inacheza gemu za PC ambazo mtu kashanunua kwenye Steam (duka la magemu la mtandaoni), ila bila bando la maana la kushusha magemu ya GB 60 na kuendelea mteja atabaki anaiangalia tu. Switch angalau unachomeka kadi unaanza (japo kwa Switch 2 kadi nyingine ni funguo tu, gemu unashusha vilevile, kero tupu).

Nimeulizia wateja wangu, wa mpira wote wanabaki na PS yao, wawili wenye laptop za gemu ndo wameitaka Deck, na wazazi wanaijua Nintendo basi. Mimi nahisi hizi hazigombanii mtu mmoja, ila jamaa yangu anabisha, anasema hela ya mtu ni moja, akinunua hii ile hanunui.

Mwenye zote mbili, ya pili uliinunua kwa nini? Na hivyo vipande vinne nigawe mbili mbili au nikomae na upande mmoja?