Naombeni ushauri, naandika michezo ya jukwaani, nichukue laptop gani?

Wakuu habari zenu. Niko Dodoma hapa Nkuhungu, naandika tamthilia, sijaajiriwa popote, naandika mwenyewe natafuta waigizaji mwenyewe na mazoezi tunafanyia uani kwa jirani. Mwezi uliopita umeme ulikatika laptop ikazima hapo hapo maana betri ilishakufa kitambo, nikapoteza onyesho zima la pili, lile bibi anagombana na mjukuu wake kuhusu shamba la zabibu, nusu Kigogo nusu Kiswahili. Nimejaribu kuliandika upya ila maneno ya yule bibi hayarudi yalivyokuwa, inaniuma sana.

Sasa nimejichanga nimefikisha laki 7 na nusu, nataka ya mtumba. Fundi mmoja Majengo ananiambia chukua ThinkPad T480, ina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, hivyo unaweza kubadilisha ile ya nje huku kazi inaendelea, na RAM unaongeza baadaye. Rafiki yangu anasema nivumilie nijichange tena nichukue MacBook Air ya M1, haina feni kwa hiyo haipigi kelele ukirekodi, ila RAM yake haiongezeki. Kwa kuandika LibreOffice inanitosha, ila huwa narekodi waigizaji wakisoma halafu nakatakata sauti kwenye Audacity.

RAM ya GB 8 itatosha kweli? Na betri ya mtumba nitajuaje ni nzima kabla sijatoa hela? Na nyie mnaoandika, kazi zenu mnahifadhi wapi zaidi ya flashi?